Kiti cha Baba

Baba alifundisha Kilatini, lugha ambayo wenyewe walikwisha kufa zamani bila kumwachia mtu wa kuongea naye. Wanafunzi walimwita Bwana Kiti kwa ajili ya neno alilolipenda kuliko yote, cathedra. Maana yake ni kiti tu. Warumi waliliazima kwa Wagiriki na, kama ilivyo kawaida ya waazimaji, hawakulirudisha. Wakalishonea mikia sita, cathedra, cathedrae na kuendelea, kila mkia na kazi yake katika sentensi, ingawa mingine inafanana kama mapacha.

Nyumbani sheria ya meza ilikuwa moja: hakai mtu mpaka ataje mikia yote sita kwa mpangilio. Ukikosea, unakula umesimama. Sisi watoto tuliikariri kabla hatujajua kufunga kamba za viatu. Mama peke yake alikataa. Alisema yeye aliolewa, hakuandikishwa shule. Basi kwa miaka thelathini Mama alikula amesimama kando ya jiko, sahani mkononi, huku Baba akijipakulia. Tuliona ni kawaida, na hilo linaniuma mpaka leo.

Magoti ya Mama yalipoanza kuvimba, daktari alimkataza kusimama sana. Nilimwendea Baba nikamsihi amwache mama wa watu akae. Akanijibu kwamba sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma.

Mwaka aliostaafu, Jumapili moja mchana, alisimama nyuma ya kiti chake chenye mikono, akakohoa, akaanza. Cathedra, cathedrae, cathedrae. Akanyamaza. Akaanza upya, akakwama palepale. Akatazama dari, akatazama mchuzi, mwisho akanitazama mimi. Neno nilikuwa nalo ulimini. Nikatafuna mkate.

Mama akaja na sahani yake, akaiweka mezani, akavuta kile kiti chenye mikono na kukaa. Kisha akataja mikia yote sita pasipo kukwama, kwa sauti ya mtu anayehesabu vijiko.

Baba akamkodolea macho. "Kumbe ulikuwa unajua?"

"Tangu wiki ya kwanza ya ndoa," Mama akasema. "Nilikuwa nangoja uniambie tu, kaa, mke wangu."

Mama akampakulia Baba, akamkabidhi sahani.

"Usiliegemee jiko," akamwambia. "Bado lina moto."