Mtoto Aliyegonga Mbao Zangu za Hesabu

Mtoto aligonga mbao zangu za hesabu, akasema, "Mama, fungula."

Darasa zima likacheka.

Mimi sikucheka. Mbao zile nilizitengeneza kwa mikono yangu, na siku ile ziliniogopesha.

Ngoja niwaeleze polepole.

Jina langu ni Papa Honoré. Ni seremala hapa Bunia. Mzee, ndiyo, lakini mkono bado hautetemeki. Shule nilisoma jioni, baada ya kazi, nikiwa tayari na mke na watoto. Brevet yangu, cheti cha kumaliza masomo yale, iko ukutani, kwenye fremu niliyochonga mwenyewe. Ukija kwangu utaonyeshwa, upende usipende.

Hesabu ndiyo iliyonitesa zaidi. Nusu na robo niliambiwa, nikaandikiwa, nikachorewa. Sikuelewa mpaka nilipozikata kwa msumeno.

Ndiyo maana uzeeni nikaamua kuwatengenezea watoto wa mwaka wa tano na wa sita vifaa vya kushika. Si vya kuchora. Vya kushika.

Kazi yenyewe si ngumu. Unakata kipande kirefu, hicho ni kimoja kizima. Kingine cha urefu uleule unakigawa nusu. Kingine theluthi, kingine robo. Mtoto anapanga robo mbili juu ya nusu, anaona zinalingana, hasahau tena.

Mbao mpya ni ghali. Nikanunua mlango wa zamani sokoni, kwa kijana anayeitwa Fiston. Mbao nzito, kavu, imara.

Upande mmoja ulikuwa na doa kubwa jeusi. Nikafikiri ni mawese. Nikalipiga randa mpaka likaisha, nikaandika namba.

Upande wa pili ulikuwa na rangi ya bluu. Nikauacha vile vile. Nani angeugeuza?

Emerance aliugeuza.

Emerance ni mtoto wa mwaka wa sita, kutoka upande wa Fataki. Kijiji chao kilishambuliwa akiwa shambani na baba yake mdogo, Grégoire. Wakakimbia kutoka kulekule shambani, na nguo walizovaa. Sasa wanaishi hapa mjini, kwenye site ya wakimbizi. Darasani mtoto huyu alikuwa hasemi.

Siku ile mwalimu wao, Madame Nadège, alimwaga vipande sakafuni, mimi nikitazama.

"Tafuteni vinavyojaza kimoja kizima!"

Wenzake wakakimbilia namba. Yeye akavilaza vyote namba chini, bluu juu. Akafuata rangi, akafuata mistari ya mti, akaunganisha kipande na kipande, haraka, kama mtu anayefunga vifungo vya shati lake mwenyewe.

Ubao mmoja wa mlango ukalala sakafuni, na pengo katikati.

Ukingoni kulikuwa na mikato ya kisu. Niliiona wakati wa kazi, sikujali. Mingine ilikuwa na herufi E, mingine O.

Hapo ndipo alipogonga.

"Emerance, ni nini?" Madame Nadège akauliza.

"Ni mulango ya kwetu, Madame. Mama alikuwa anatupima hapa. E ni mimi. O ni Orly, mudogo wangu."

Kicheko kikakatika.

Akapitisha kidole kwenye mikato ya Orly, mmoja baada ya mwingine, mpaka wa juu kabisa. Akabaki pale.

"Hii mi siijui," akasema. "Tulipokimbia, hii haikukuwa."

Madame Nadège akamwita Grégoire. Akaja mbio kutoka kwenye kazi ya kubeba mizigo, mtu mwembamba, mkono wa kushoto hauna kidole gumba. Akautazama ule ubao muda mrefu.

"Mbao zote zinafanana," akasema.

"Baba mudogo, ni ya kwetu!"

"Nyumba iliungua. Mama yako na Orly walikufa siku ileile. Nilishakwambia. Twende."

Akamvuta mtoto kwa mkono. Hakugeuka nyuma hata mara moja.

Asubuhi iliyofuata Emerance alinikuta karakanani. Hakusalimia.

"Papa Honoré, mulango ikiungua, rangi inabakia?"

Nilitaka kumdanganya. Lakini mtu aliyeuliza swali la ufundi anastahili jibu la ufundi.

"Hapana, binti yangu. Haibakii."

"Basi nyumba haikuungua."

"Haikuungua."

"Basi nani alimupima Orly?"

Nikavaa kofia, nikaenda sokoni.

Fiston alikuwa amekaa juu ya rundo la mabati ya zamani, anakula muhogo.

"Fiston, ule mlango wa bluu uliupata wapi?"

"Muzee, weye unanunuaka mbao ao unanunuaka historia?"

"Mbao nilishanunua. Leo nataka historia."

"Eh! Kama unarudisha, sirudishi."

"Sirudishi. Nani alikuuzia?"

Akacheka, kisha akaona uso wangu, akaacha kutafuna.

"Mutu mumoja, mukimbizi. Ninamukumbuka juu ya ile mulango: ilikuwa na maji. Alikuwa ameiosha. Muzee, nani anaoshaka mulango kabla ya kuuzisha?"

"Alikuwaje?"

Fiston akainua mkono wa kushoto, akakunja kidole gumba ndani ya kiganja.

Nilisimama pale sokoni nikiwaza juu ya lile doa. Harufu yake wakati wa kupiga randa haikuwa ya mawese. Nilijua mbao, na nilijua mawese. Nilikuwa tu na haraka ya kumaliza kazi nzuri.

Mchana nilikwenda site na Emerance. Nilimwambia njiani, "Nitauliza mbele yako. Ukitaka kutoka, utoke."

Hakutoka.

Grégoire alikuwa mbele ya hema lao, anashona ndara.

"Ndugu Grégoire," nikasema, "ule mlango uliuosha kwa nini?"

Sindano ikasimama. Akamtazama mtoto, akanitazama mimi.

"Muzee, weye iko na watoto?"

"Niko nao."

"Basi muache huyu apumuzike na ile aliyoambiwa."

"Hapumziki," nikasema. "Anahesabu."

Kisha akaanza kusema, macho yakiwa kwenye ile ndara.

Mama yake Emerance hakufa siku ile. Alijificha porini na Orly, kisha wakarudi nyumbani. Majirani walimwambia ashuke Bunia, akakataa. Alisema binti yake mkubwa hajarudi, na akirudi akute mlango umefungwa na hakuna mtu, ataenda wapi?

Akakaa. Akalima. Akampima Orly kwenye mlango, ili dada yake akirudi aone mdogo wake amekua.

"Mimi nilikuwa nafikiri wamekufa kweli," Grégoire akasema. "Nilipanda kule wakati kulitulia, kutafuta muhogo tu. Nikakuta walishashambuliwa tena, siku ileile nilifika. Mama yake iko ndani, amejeruhiwa. Orly alikimbia na watu wa jirani. Hakuna mutu alijua upande gani."

Aling'oa mlango kwenye bawaba. Akamlaza shemeji yake juu yake, na wanaume wawili wakasaidia kubeba kuelekea barabarani.

Hakufika Bunia akiwa hai.

"Njiani aliniambia kitu kimoja," Grégoire akasema. "'Usimwambie Emerance kama nilimungojea.' Basi. Sikusema. Niliosha mulango, nikaiuza, nikanunua nguo ya kumufunika kaburini. Ungefanya nini, weye muzee na shule yako?"

Nilivua kofia.

Emerance hakulia. Aliuliza swali moja tu.

"Orly alikuwa anakimbia muzuri?"

"Alikuwa anakimbia muzuri," Grégoire akasema, na yeye ndiye aliyelia.

Nilirudi karakanani nikaunga ule ubao kwa gundi na vigingi vya mti. Madame Nadège alinikumbusha kwamba inspekta wa shule anakuja kuona vifaa vyangu, na mimi nilikuwa nimewaambia watu wote wa mtaani. Nikaunga tu.

Lile pengo katikati sikuliziba. Kipande kile kilikuwa na ufa, nilikitupa kwenye mbabula, jiko letu la makaa, siku ya kazi. Tulipikia maharagwe.

Ubao sasa umesimama ukutani, darasa la sita. Inspekta alipokuja, hakuonyeshwa robo wala nusu. Alimkuta Emerance mbele na rula.

Alikuwa anapima nafasi kati ya mikato ya Orly. Akajumlisha, akagawanya, akapata mtoto yule hukua kiasi gani kwa mwaka. Kisha akapima kwenda juu kutoka mkato wa mwisho ambao mama yake alimkatia Orly, akachukua kisu changu, akakata mpya.

Inspekta akaninong'oneza, "Huyu anajua kama ndugu yake anaishi?"

Emerance alisikia.

"Hesabu haisemi kama anaishi," akajibu. "Inaniambia tu nitafute mutoto wa urefu gani."

Akafuta kisu changu, akanirudishia.

Kila mwaka wa shule ukianza, atapandisha mkato. Amenionyesha mpaka wapi ubao utamtosha Orly.

Nimejifunza nini katika uzee huu? Kabla ya kupiga randa ubao, ugeuze. Ukisikia harufu usiyoijua, acha kazi, uliza. Na mtoto anayeuliza swali, mjibu, hata jibu likiwa baya. Usipomjibu, atalitafuta peke yake sakafuni.

Wasomaji wangu walio Kasenyi, Gety, hata ng'ambo ya ziwa: mvulana huyo kwa sasa anafika chini kidogo ya kifua cha mtu mzima. Anaitwa Orly, na anakimbia vizuri.

Mkimwona, msimtajie rangi yoyote. Mwulizeni tu mlango wa kwao ulikuwa wa rangi gani.