Karatasi ya Mjomba Kishor

Harufu ya wino wa muhuri siipendi. Juzi nilikwenda posta kuchukua kifurushi, yule binti wa dirishani akafungua kijibati chake cha wino wa bluu, na mimi nikasimama pale kama mtu aliyesahau shida iliyomleta. Walio nyuma yangu wakaanza kukohoakohoa. Nikachukua changu, nikaenda kukaa garini bila hata kuwasha redio. Siku hizi nachoka ovyo, lakini uchovu ule haukuwa wa kazi. Ni wa miaka ishirini na ushee, na nje ya nyumba yangu ninyi ndio wa kwanza kusikia habari zake.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Tulikuwa tumehamia ughaibuni, tunakaa ghorofa ya tisa, Barabara ya Dixon, mahali ambapo ndege zinashuka chini hadi vikombe vinatetemeka kabatini. Sisi ni Wahindi wa Tanga. Nyumbani Kiswahili na Kigujarati vilipikwa chungu kimoja, kama mchele na choroko, na mimi, kama watoto wote wa jengo lile, niliulizwa kwa Kiswahili nikajibu kwa Kiingereza. Baba alifanya kazi ya usiku kiwandani, mchana analala. Mama alifua mashuka ya hoteli za karibu na uwanja wa ndege. Kwa hiyo barua zote, za shule, za bima, za mwenye nyumba, nilizisoma mimi. Nilikuwa wakili wa familia na bado nafungwa nywele na mama yangu.

Ndipo ikaja bahasha ya Mjomba Kishor. Huyu alikuwa kaka wa pekee wa Mama. Zamani, biashara ya Tanga ilipokufa, Babu alihamia Porbandar, kule Gujarati, akaenda na Mjomba, akajenga nyumba ya ghorofa moja. Mama alikuwa ameshaolewa, akabaki. Lakini kwetu binti huenda kuzaa mimba ya kwanza kwa wazazi wake, kwa hiyo Mama naye alikwenda, na siku zangu arobaini za mwanzo nililala chumba cha juu cha nyumba ile, chenye dirisha la kijani. Sikikumbuki, bila shaka. Ila nilikijua kuliko darasa langu, maana kila Mama aliporudi kazini miguu imevimba, alikaa kwenye kochi akasema, "Siku miguu hii itakapogoma, nitakwenda kukaa chumba changu cha juu. Wallahi mtanitafuta." Mhindu wa Tanga huapa hivyohivyo, msishangae.

Babu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Sheria ya India inampa binti fungu sawa na la ndugu yake wa kiume. Hiyo ndiyo sheria. Mila inasema lingine: dada mwema humwachia kaka. Hatoi masharti, haulizi bei, anatia sahihi. Naye kaka anabaki kuwa kaka. Mlango haufungwi, simu zinapigwa, na siku mtoto wa dada anapoolewa, mjomba anaingia na sari na vyombo, kifua mbele, watu wote waone kwamba bibi huyu ana kwao. Dada anayedai fungu lake hupewa, maana sheria ipo. Ila baada ya hapo hana kwao tena. Hakuna aliyenifundisha haya. Niliyaokota kwenye maneno ya wakubwa, nusunusu, nikiwa nachambua mchele.

"Ni karatasi tu, dada," Mjomba alisema kwenye simu. "Nataka kutengeneza paa, benki wanataka hati safi. Nyumba ni yako siku zote."

Mashahidi walitakiwa wawili, na mmoja alikuwa jirani yetu Mama Furaha, mtu wa Uvira, Kongo, asiyejua kunong'ona. "Mama Bhavna, weye unawapatia nyumba bure?" alimaka pale mlangoni. "Bure buree? Kwetu mungefika mpaka tribinali!"

Mama akamjibu taratibu, "Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, wakipatana, chukua kapu ukavune."

"Aya, miye niko shahidi tu, sisemi tena," akasema Mama Furaha, akaendelea kusema mpaka lifti ikafika.

Lakini kabla ya kwenda kwa wakili Mama alinikalisha mezani jikoni. Kurasa tatu za Kiingereza, karatasi nene, harufu ya gundi na nafthalini. Alikuwa ameshavaa koti. Nilisoma kimoyomoyo, namfasiria kwa sauti.

"Imeandikwa, mimi Nirmala, kwa mapenzi ya asili ya kindugu, naachia haki yangu yote."

"Wameandika mapenzi?"

"Ndiyo."

"Ya nani kwa nani?"

"Yako kwa Mjomba."

"Na yake kwangu?"

Nikageuza ukurasa. Nikageuza mwingine. Hayakuwapo, nikamwambia hayapo. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa sukari imekwisha dukani.

"Na chumba cha juu? Wameandika naweza kwenda kukaa?"

Sentensi ile ilikuwa mbele ya macho yangu. Ilisema Mama na watoto wake hawatakuwa na dai lolote, wala haki ya kuingia wala kuishi. Hakuna neno pale lililonishinda. Nikamtazama Mama, nikaona anautazama mdomo wangu.

"Ndiyo, Mama," nikamjibu, kwa Kiswahili, mimi niliyekuwa sijibu kwa Kiswahili. "Wameandika utakaa muda wowote unaotaka."

"Haya. Twende."

Ofisi ya wakili ilikuwa juu ya duka la peremende za Kihindi. Mama alitia sahihi kwa mwandiko wake mzuri wa shule ya Tanga, halafu karani akataka alama ya dole gumba, maana kule India sahihi peke yake haitoshi. Dole likapigwa wino, likabandikwa: doa tupu, hakuna mistari. Akafuta, akapiga tena, doa. "Mama, kidole chako hakina kitu," karani akacheka. Sabuni za hoteli zilikuwa zimekilamba chote. Mama Furaha akacheka, Mama mwenyewe akacheka mpaka akajifuta machozi. Alama ya nne ndiyo waliyoikubali. Mimi sikucheka. Nilikuwa nasubiri mtu mzima mmoja aisome ile karatasi kwa sauti, na hakuna aliyeisoma.

Mjomba hakutengeneza paa. Alibomoa nyumba, akajenga jengo la ghorofa nne, akatutumia picha. "Ameijenga vizuri," Mama alisema. Nikangoja aulize habari za chumba. Hakuuliza, na mimi nikajiona nimepona. Simu za Diwali ziliendelea miaka kadhaa. Nilipoolewa, Mjomba hakuja, alituma sari moja kwa kampuni ya vifurushi, na Mama akaibeba meza kwa meza ukumbini: "Imetoka kwa kaka yangu."

Baridi iliyopita miguu ya Mama iligoma kweli. Sasa anakaa kwangu. Jioni moja nilikuwa namkanda kwa mafuta ya nazi, nikashindwa kuvumilia.

"Mama, ile karatasi ya Mjomba. Nilikudanganya. Haikuandikwa unaweza kukaa."

"Najua," akasema.

"Ulijuaje?"

"Kiingereza cha mawakili sikukijua. Kaka yangu nilimjua. Angenibakizia chumba, angejisifu kwenye simu mwaka mzima."

"Sasa mbona uliniuliza?"

Akanisogezea mguu wa pili. "Nilitaka mtu mmoja aniambie ndiyo. Nyumbani tulikuwa na wewe na baba yako, na baba yako alikuwa amelala."

Nilikasirika, sifichi. Miaka yote ile nilijihesabu mwizi wa nyumba ya mama yangu. Kumbe alikuwa ameshaiacha kabla hajanikalisha mezani, akatafuta wa kumshika mkono, na aliyepatikana ni mtoto. Angesikia hapana asingeweza kusaini, na asiposaini hana kaka. Hasira ikapita, haina mahali pa kukaa siku hizi. Nikaendelea kumkanda.

Kila Jumapili ananiambia nimpigie Mjomba, amsalimie. Napiga. Inaita, inaita vizuri tu, mpaka inakatika yenyewe. Namwambia Mama laini ya kule ni mbovu.

"Eeh," ananijibu, "kule laini husumbua."