Marselina Hakuwa Mtoro

Wiki nzima imepita, Marselina, na bado nikisikia mlango wa zahanati unafunguliwa asubuhi nadhani ni wewe. Sikuandika chochote hapa hadi tuzike kwa sababu nilikuwa na hasira. Hasira haijaisha, ila leo nitasema.

Kwa msiomjua: alikuwa nesi mwenzangu huku Mbulu. Mzaliwa wa Maretadu, binti wa wakulima.

Mimi niliripoti kazini nikitokea Songea, simjui mtu. Siku ya pili alinigongea mlango akiwa na blanketi. "Baridi ya huku haina adabu," akasema. "Chukua, utanirudishia ukizoea."

Kuna mama alijifungulia njiani, akafika mtoto amekuwa wa baridi. Marselina alivua sweta lake akamfunika yule mtoto, akashinda anatetemeka hadi jioni. Mtoto alipona. Sasa yuko chekechea.

Kisha ikaletwa mashine ya kidole. Ukifika unagusa, ukitoka unagusa, kompyuta inaandika saa zako.

Vidole vya Marselina vilikuwa vimelika kwa jembe na dawa za kuoshea vifaa. Mashine ikawa inamkataa siku nyingi. "Please try again." Anafuta kidole kwenye gauni, anagusa tena, wagonjwa wanamtazama.

Alimwendea bosi wetu nikiwepo. "Shikamoo mkuu. Naomba niruhusiwe kusaini daftari."

"Marahaba. Daftari ni la wavivu. Asiyeonekana kwenye mashine hakuja kazini."

Mwisho wa mwezi karatasi ikabandikwa ukutani. Marselina, mtoro. Yeye aliyekuwa anatufungulia mlango sisi wote.

Mwezi uliofuata, tena. Nilitaka kwenda kugombana. Akanishika mkono: "Niache kwanza, nina wajawazito wananisubiri."

Alhamisi iliyopita alienda outreach, kuchanja watoto kijiji cha mbali. Mchana mvua ikashuka. Akanipigia: "Barabara ni tope tupu. Mama mwenye nyumba niliyojikinga mvua ananiambia nilale hapa. Unaonaje?"

Na mimi, Mungu anisamehe, nikamjibu: "Umeshaandikwa mara mbili. Ya tatu utaitwa wilayani. Jitahidi urudi uguse."

Akasema, "Haya, nakuja."

Pikipiki aliyopanda iliteleza kwenye mteremko. Dereva alivunjika mguu. Marselina alikata roho palepale, sanduku la chanjo likiwa bado limefungwa mgongoni kwake.

Msibani bosi alisimama akamwita mtumishi wa mfano. Nilishindwa kukaa. Niliwaamkia wazee, kisha nikamuuliza mbele ya watu wote: "Mkuu, mbona ukutani bado ni mtoro?"

Akaangalia chini. Baba yake Marselina ndiye aliyeongea, taratibu kabisa: "Hiyo karatasi iko wapi?"

Jumatatu mzee alikuja zahanati kwa miguu. Aliisoma karatasi yote, kidole chake kikifuata majina. Akaibandua, akaikunja, akaitia mfukoni. Bosi alikuwa mlangoni. Hakuthubutu kumzuia.

Mashine ipo palepale. Siombi ing'olewe. Naomba anayetumwa vijijini aaminiwe kwa neno lake, na anayekataliwa na mashine asikilizwe kabla hajaitwa mtoro. Nimeandika barua, nimetia jina langu. Wakitaka kunihamisha wanihamishe.

Dada yangu, nilikosea siku ile. Nimemwambia mzee kwamba ni mimi niliyekuita urudi, akanishika kichwa.

Pumzika kwa amani, Marselina. Watoto wale uliwachanja wote.