Marehemu Aliyetangazwa Mara Mbili

Watu walishuka kutoka milimani na unga na kuni, wakaenda Bigwa kumzika Mzee Bartholomeo.

Mzee Bartholomeo tulishamzika mwaka mmoja nyuma.

Aliyemuua mara ya pili ni mimi.

Ilikuwa 2001, redio za watu binafsi zikichipuka kama uyoga. Yetu ya Morogoro ilisikilizwa kwa matangazo ya vifo. Programu iliyomtolea mtangazaji orodha ya siku niliiandika mimi. Fundi nilikuwa peke yangu, kila kitu wananiita mimi, Kasiani. Nilichoka, acheni tu.

Siku moja kabla ya watu kushuka, nilihamishia programu kwenye kompyuta mpya. Ilitakiwa kuambiwa kwanza folda ya matangazo mapya iko wapi. Mafundi tunakiita kigezo cha mazingira. Nikasahau kukiweka.

Nayo haikulalamika. Ilipokikosa ikachukua folda ya zamani niliyoiacha wakati wa majaribio, yenye vifo vya mwaka uliopita. Mimi nikaona imewaka, nikaenda zangu kulala.

Kesho yake saa tisa alasiri akaja mjane wa Bartholomeo, Mama Bernadeta. Nikampa shikamoo.

"Wote wamekuja kulia kwangu," alisema. "Aliyekufa kweli leo, analiliwa na nani?"

Nikamwomba radhi, aibu imenijaa. Akaondoka.

Nikaweka kile kigezo, nikafungua orodha ya siku ile. Vifo vitatu. Cha tatu kilisomeka hivi:

"Scholastika wa Mlali. Mazishi leo saa nane mchana. Habari ziwafikie watoto wake popote walipo."

Mama yangu.

Saa ya ukutani ilisema tisa na nusu.

Karatasi ya tangazo hilo ililetwa alfajiri na dereva wa lori la nyanya. Dada wa mapokezi aliichapa bila kujua mama yangu anaitwa nani.

Nilifika Mlali nikakuta kaburi limeshawekwa maua. Kaka yangu Gabrieli hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

"Hatukuhangaika kukutafuta," alisema. "Tulijua upo redioni, utakuwa wa kwanza kusikia."

Siku hizi programu yangu yoyote inakagua vigezo vyote kabla ya kuwaka. Kimoja kikikosekana inagoma, na inataja kipi. Vijana kazini wanasema mzee nawasumbua.

Sawa, nasumbua. Ikigoma utailaani dakika tano, utaweka kilichopungua, utaendelea na kazi. Ile yangu ilijifanya inajua, na mimi sikumtupia mama yangu hata konzi moja ya udongo.