Treni ya uwanja wa ndege Brussels ilivyoniacha mara tatu nikiiangalia

Wakuu, salaam kutoka Bujumbura.

Haya yamenikuta mimi mwenyewe na sijatia chumvi. Anayetaka kucheka acheke, nimeshazoea.

Dada yangu Chantal alikuwa anafunga ndoa Brussels. Baba yetu alishafariki, na kwetu binti haondoki hivi hivi, lazima awepo mwanaume wa nyumbani wa kumkabidhi. Wajomba wote walinyimwa viza. Nikapata mimi peke yangu, fundi friji wa Zone Industrielle, kule kwenye viwanda.

Siku ya kuondoka kila mtu alikuwa na maelekezo yake. Mama akamalizia: "Siku ile we ndiye baba yake. Usichelewe."

Ndoa ilikuwa saa tano asubuhi, ofisi ya manispaa. Ndege ikatua saa mbili na nusu. Nikajipongeza.

Chantal alikuwa ameniandikia kila kitu: shuka chini ya jengo, kata tiketi, panda treni ya mjini, dakika ishirini umefika. Yaani treni iko chini ya uwanja wa ndege, wakuu. Sisi hapa ukitua unapokelewa na shangazi kumi na moja na gari moja.

Saa nne kasoro robo niko chini. Treni imesimama, milango wazi, ndani watu sita.

Sasa mimi nimekulia Ngagara, hapa hapa Bujumbura. Basi lenye watu sita haliendi popote, hata dereva akiwa na msiba. Nikasema acha ijae kwanza. Nikakaa kwenye benchi, nikafungua mkate wangu.

Ikaondoka na watu wake sita.

Nilimhurumia mwenye treni kwa dhati. Nikajua dereva ni mgeni kazini, jioni atafukuzwa.

Ikaja ya pili, watu wanne. Hii nikawa na uhakika nayo, nikanyoosha miguu. Nayo ikaondoka, na hakuna hata mtu mmoja aliyepiga kelele kuita abiria. Huduma mbovu kabisa.

Ya tatu nikawa mjanja. Nikasimama mlangoni kwa nje, wengine waingie kwanza, nisije nikakaa ndani na joto. Joto lenyewe la Brussels, nilikuwa natetemeka. Mlango ukafungwa mbele ya pua yangu.

Mama mmoja aliyekuwa anafagia akanisikia nikinung'unika kwa Kiswahili. Kwa lafudhi ni mtu wa Bukavu.

"We unangoja nini apa, papa?"

"Ijae."

Akaegemea ufagio wake. "Apana. Ya huku inaendaka na saa, ata kama ni we mutu moja."

Nikapanda saa tano kasoro dakika kumi. Tulikuwa watatu. Nikajaribu kumpigia Chantal, laini yangu ya simu kule haikushika.

Nilifika manispaa saa tano na dakika ishirini na tano. Chantal yuko kwenye ngazi na gauni lake, ameshakuwa mke wa mtu. Shemeji akaniambia waliomba waongezewe dakika kumi, wakapewa, na dakika zote hizo Chantal alikuwa anatazama mlango. Saini aliiweka huku analia.

"Nilizani ndege imeanguka," akaniambia. "Ulikuwa wapi?"

Ningeweza kusingizia pasipoti. Nikasema ukweli: nilikuwa nangoja treni ijae.

Shemeji aliuliza mara mbili na hajaelewa mpaka leo. Chantal alielewa palepale. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye ngazi, halafu akalia tena, na safari hii tulilia wote.

Funzo langu ni dogo: ugenini usikae kuihurumia treni ya watu. Panda.

Mama bado anaamini nilimkabidhi binti yake. Juzi ameniuliza mbona simo kwenye picha hata moja ya mle ndani. Nikamwambia mimi ndiye niliyekuwa napiga.

Nimwambie, wakuu, au ninyamaze? Na kama yupo mwingine humu aliyewahi kusubiri treni ijae, naomba ajitokeze hapa chini, nisiwe peke yangu.