Kaburi la Dawa za Bibi

Enzi za Mwingereza, nilipomaliza shule ya sekondari, nilirudi Ugweno nikaweka kambi jikoni kwa bibi. Wenzangu walitelemka Same kutafuta ukarani. Mimi nilisikia karani huamka alfajiri, nikaona nisiwasumbue.

Bibi alikuwa na sanduku la bati lililojaa dawa kuukuu: kwinini iliyovunjikavunjika, vidonge vya manjano alivyorudi navyo mjomba kutoka vita vya Burma, dawa ya kikohozi iliyoota ukungu. Mwenye homa alikuja, akapewa kidonge, akakaa kupiga soga mpaka jioni. Ndipo mganga wa zahanati akatangaza kanisani kwamba dawa za namna hiyo zinadhuru watu, zikusanywe, zifukiwe. Kazi akanipa mimi, maana nilionekana mwenye nafasi.

Bibi akalikalia sanduku.

“Mume wangu,” akaniambia, kama mabibi wanavyowaita wajukuu wa kiume, “ukizichukua hizi, nani atapanda mlima kuja kuniona? Atafuata sura yako?”

Hapo hakuwa akitania. Wanawe wote walikuwa wamehamia mashamba ya mkonge, na soga za wagonjwa ndizo zilizobaki. Mwishowe akakubali, kwa sharti kwamba shimo lichimbwe kwake na dawa za kijiji kizima ziletwe hapo.

Mimi ningezimwaga mferejini zijiendee. Mganga akaniuliza kama nilikusudia kuyatibu mahindi ya watu wa chini. Akaagiza shimo refu, mbali na maji, na dawa zipondwe zichanganywe na majivu, asije mtu akazifukua.

Nikachimba mgombani. Mikono yangu ilizoea kalamu, kwa hiyo kila baada ya mapigo machache ya jembe nilisimama, nikainamisha kichwa na kujifuta uso. Kumbe ng'ambo ya bonde walikuwa wakinitazama. Kwetu wafu huzikwa mgombani. Wakaona mjukuu, shimo refu, na machozi.

Sijamaliza kuponda kwinini, wanawake wakaingia uani na ndizi na kuni vichwani, wakimlilia bibi na kutaja sifa zake. Bibi akatokea mlangoni na mwiko mkononi. Kiongozi wao, jirani wa ng'ambo ambaye hakuwa amekanyaga pale siku nyingi, akakatisha kilio.

“Endelea,” bibi akamwambia. “Ulikuwa umefika kwenye ukarimu wangu.”

“Shikamoo, dada.”

“Marahaba. Ndizi weka pale.”

Nilipokwisha kuponda dawa zake na za kijiji na kuzichanganya na majivu, bibi mwenyewe akalimwaga sanduku shimoni, waombolezaji wakanisaidia kufukia, tena kwa kasi iliyoniaibisha. Kisha akawapakulia makande.

“Sasa sina hata kidonge,” akasema. “Mwenye homa aende zahanati. Asiye na homa aje kwangu. Atakayengoja mpaka nife, makande atapikiwa na huyu mume wangu.”

Wakanitazama. Wakalitazama kaburi la dawa, lilivyokwenda upande. Jumapili iliyofuata nilikosa mahali pa kukaa jikoni.