Bendera Aliyoikalia Mwinyimvua

Pale Kaole sauti ya Mwinyimvua inajulikana na kila mtu. Ni muadhini wa msikiti wa mtaa, na akiadhini hata wasiosali hutazama saa. Mwili wake ndio hauonekani. Miguu ilipooza utotoni, na akiingia barabarani na baiskeli yake ya magurudumu matatu, ile ya kunyonga kwa mikono, utosi wake unalingana na taa za magari. Malori ya mchanga humpita kama watu wanavyoruka dimbwi.

Mkewe, Hafidha, ndiye aliyemtengenezea bendera: vipande viwili vya bomba jembamba la plastiki vinavyochomekana, na juu kitambaa chekundu, maana chekundu kinaonekana. Hoja haikuwa na kasoro, ila pwani hii kitambaa chekundu juu ya mlingoti kina kazi yake tayari. Hutundikwa nje kwa mganga.

Siku ya kwanza tu, Twalib wa bodaboda alimwona kutoka kijiweni. "Shikamoo, mganga! Unapandisha majini hapo hapo barabarani?"

"Marahaba. Wewe nitakutoa jini la uvivu. Limezaa humo, lina wajukuu."

Kijiwe kizima kikacheka, naye akacheka. Lakini mwanamke mmoja hakucheka. Alimfuata hadi mezani anapotengenezea simu, akainama, akamuuliza kwa kunong'ona kama ana dawa ya kumrudisha mume. Hilo ndilo lililomkata maini.

Tangu hapo akawa anatoka nyumbani bendera ikipepea, Hafidha akimsindikiza kwa macho. Akishapita kona ya minazi, anaichomoa, anakunja kitambaa vizuri, anaikalia. Jioni, karibu na nyumbani, anaichomeka tena. Ndoa yao haikuwa na uwongo mwingine.

Alasiri moja alikuwa anarudi, bado hajafika konani. Twalib akatokea nyuma yake, amempakia Esha, jirani yao, na beseni la dagaa. Alimwona Mwinyimvua dakika ya mwisho, akakwepa, pikipiki ikaingia mtaroni. Twalib alichubuka. Mkono wa Esha ulipinda mahali ambapo mkono haupindi.

Watu wakajaa. Mzee Mwishehe wa msikitini akachomoa ufunguo wa pikipiki, mwingine akamkunja Twalib shati.

"Huna macho? Unataka kutuulia muadhini wetu?"

"Wallahi sikumwona!"

"Mtu mzima na baiskeli nzima, hukumwona?"

Mwinyimvua alinyamaza. Koo lile lile linaloamsha mji halikutoa hata kikohozi. Alijiambia atasema wakitulia kidogo.

"Hebu tumtoe, tumwangalie kama kaumia," akasema Mwishehe.

"Sijaumia, mzee wangu. Niacheni nilivyokaa."

"Utajuaje, na damu bado ya moto?"

Wakamnyanyua. Kitini vikabaki vipande viwili vya bomba na kitambaa chekundu, kimebonyea kama mto.

Esha, amekaa chini ameukumbatia mkono wake, ndiye aliyeuliza. "Si bendera ya Hafidha hiyo? Nilimwona akiishona."

"Ndiyo."

"Ulikuwa umeikalia?"

"Nilikuwa nimeikalia."

Shati la Twalib likaachiwa. Ufunguo ukarudi. Hakuna aliyemtukana Mwinyimvua, naye angetoa chochote wamtukane. Twalib, ambaye sasa alikuwa na haki ya mzaha wowote autakao, aliokota vipande, akaviunganisha, akachomeka bendera nyuma ya kiti.

"Shikamoo," akasema. Neno "mganga" hakulitia.

Watu wakaitoa pikipiki mtaroni. Twalib akampandisha Esha pole pole, wakaenda hospitali.

Magharibi ile aliadhini Mwishehe, kwa sauti ya mbuzi aliyekabwa, na mtaa mzima ukatazama saa bila kuiamini. Hafidha akatoka jikoni na mwiko mkononi. Mumewe alikuwa mlangoni, hajashuka kwenye baiskeli, bendera imesimama wima juu ya kichwa chake.

"Mbona upo hapa? Anaadhini nani huyo?"

Alitazama mikono yake.

"Hafidha," akasema, "Esha kavunjika mkono. Kaa kwanza nikwambie."